Mwongozo Kamili: Namna ya Kutumia kwa Usalama Vidonge vya Kutuliza Maumivu na Uvimbe

Makosa yanayowafikisha watu hospitalini kwa sababu ya vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe ni machache, na hujirudia yale yale. Mtu anameza dawa mbili za kundi moja akidhani ni dawa tofauti. Anaendelea kunywa kwa wiki kadhaa dawa iliyokusudiwa siku chache. Au anainywa ilhali tumbo, figo au moyo wake hauwezi kuistahimili. Mara nyingi dawa yenyewe ni halali na haijapitwa na wakati. Kwa hiyo hatua zilizomo humu zimepangwa kwa kufuata utaratibu wa maamuzi yenyewe, tangu kabla ya kufungua pakiti hadi siku ya kuacha, na nakusihi usiruke hatua ya pili na ya tatu hata kama umezoea dawa hizi kwa miaka mingi.

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima anayejitibu maumivu ya muda mfupi, kama vile ya jino, mgongo, hedhi, kuteguka au kichwa. Aliyeandikiwa na daktari dozi kubwa zaidi kwa ugonjwa wa kudumu wa viungo afuate maelekezo aliyopewa, ingawa tahadhari zote zilizoelezwa hapa zinamhusu vilevile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pakiti ya dawa pamoja na karatasi ya maelezo iliyomo ndani yake. Vidonge vilivyotiwa kwenye bahasha isiyo na jina visinywewe mpaka aliyekuuzia aandike juu yake jina la dawa na idadi ya miligramu katika kila kidonge.
- Dawa zako nyingine zote, zikiwemo za mafua, za presha na za asili, zikiwa mezani mbele yako.
- Glasi nzima ya maji.
- Karatasi na kalamu, au simu ya kuandikia saa.
- Kipimo chako cha shinikizo la damu cha hivi karibuni, ikiwa umri wako umepita miaka 65 au umewahi kuambiwa una presha.

## Hatua ya 1: Itambue dawa kwa jina lake halisi

Pakiti nyingi huwa na majina mawili. Lile lililoandikwa kwa herufi kubwa ni la kibiashara, nalo huchaguliwa na mtengenezaji. Lile dogo lililo chini yake ndilo jina la dawa yenyewe, na hilo ndilo unalopaswa kulisoma. Brufen ni ibuprofeni. Voltaren ni diklofenaki. Nyingine katika kundi hili ni naprokseni, ketoprofeni, indomethasini, piroksikamu, meloksikamu, selekoksibu, asidi ya mefenamiki na aspirini. Kwenye pakiti majina hayo huandikwa kwa tahajia ya kigeni, kama vile Ibuprofen, Diclofenac, Naproxen, Piroxicam au Meloxicam.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba dawa hizi zote hufanya kazi kwa njia moja. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, yaani kemikali za mwili zinazochochea maumivu, uvimbe na homa. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo zinazodumisha ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia mishipa ya figo kubaki wazi pale damu inapopungua. Faida na madhara ya dawa hizi vinatoka mahali pamoja. Kwa hiyo anayekunywa ibuprofeni asubuhi na diklofenaki mchana hapati nafuu maradufu; anachojiongezea ni hatari ya kutokwa damu tumboni na ya kudhoofisha figo.

Onyo. Zipo tembe zilizochanganywa ndani yake dawa mbili au tatu, kwa mfano ibuprofeni au diklofenaki pamoja na parasetamoli, na zipo dawa za mafua zenye ibuprofeni au aspirini. Soma orodha yote ya viambato, usiishie kwenye mstari wa kwanza. Parasetamoli haimo katika kundi hili, na unaweza kuitumia pamoja na mojawapo ya dawa za kundi, mradi jumla yake isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukijumlisha na ile iliyofichwa ndani ya tembe za mchanganyiko. Mwenye ugonjwa wa ini, au mwenye uzito usiofika kilo 50, anahitaji kiwango cha chini zaidi.

Umefaulu ukiweza kutaja, bila kuitazama tena pakiti, jina halisi la dawa na miligramu zake, na ukiwa na hakika kwamba hutakunywa nyingine ya kundi hili siku hiyo.

## Hatua ya 2: Jihakikishie kwamba dawa hii inakufaa

Hapa ndipo ninapoona watu wakiharakisha kuliko mahali pengine popote, kwa sababu maumivu hayasubiri. Chukua dakika chache ujibu maswali yafuatayo kwa ukweli.

Umewahi kupata vidonda vya tumbo, au kutapika au kujisaidia damu? Ikiwa ndivyo, usijinunulie dawa hizi. Daktari anaweza kukupa njia nyingine, na akiona hakuna budi, atakuandikia pamoja nazo dawa ya kupunguza asidi kama vile omeprazoli.

Una tatizo la moyo, au umewahi kupata kiharusi? Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya liliagiza kwamba diklofenaki isitumiwe na wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo, ugonjwa wa mishipa ya moyo, mishipa iliyoziba miguuni au waliowahi kupata kiharusi. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliimarisha onyo lake kuhusu kundi hili, aspirini ikiwekwa kando, ikieleza kwamba hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inaweza kujitokeza hata katika wiki za kwanza za matumizi, na kwamba huongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa. Dawa hizi pia hupandisha shinikizo la damu kwa kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji.

Figo zako zina shida, au mwili wako umepungukiwa maji? Sehemu ya pili ya swali hili husahauliwa na wengi. Mtu mwenye figo nzima kabisa, aliyeharisha na kutapika tangu jana au aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji, anategemea prostaglandini ili damu iendelee kufika kwenye figo. Akimeza diklofenaki katika hali hiyo, ananyang'anya figo kinga iliyobaki, na zinaweza kushindwa kufanya kazi ndani ya siku chache. Rudisha maji mwilini kwanza, na kwa homa au maumivu ya wakati huo tumia parasetamoli.

Una pumu? Wengi wenye pumu hawadhuriki, lakini wapo ambao aspirini au nyingine ya kundi hili huwabana kifua ghafla. Ikiwa umewahi kubanwa kifua, kuvimba midomo au kutokwa vipele baada ya mojawapo, ziepuke zote.

Una mimba, au huenda unayo? Tangu mwaka 2020 mamlaka hiyo ya Marekani inashauri wajawazito waziepuke dawa hizi kuanzia wiki ya 20, isipokuwa kwa amri ya daktari, kwa kuwa zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Katika miezi mitatu ya mwisho huongezeka hatari nyingine, ya kufunga mapema mshipa muhimu wa damu ulio karibu na moyo wa mtoto. Aspirini ya dozi ndogo anayoandikiwa mjamzito kwa sababu maalumu ni jambo jingine, na haiachwi bila kumwuliza aliyeiandika.

Una homa ambayo chanzo chake hakijajulikana? Panapopatikana dengi, homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo na ya nyuma ya macho isitulizwe kwa ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini, kwa sababu dengi hupunguza chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, na dawa hizi huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Parasetamoli ndiyo inayofaa mpaka vipimo vitoe jibu. Ibuprofeni huepukwa pia katika tetekuwanga.

Mtoto asipewe vidonge vya mtu mzima vilivyokatwa kwa kukadiria. Dozi yake hupimwa kwa uzito wa mwili. Aspirini haitolewi kwa aliye chini ya miaka 16 bila amri ya daktari, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa Reye unaoshambulia ubongo na ini.

## Hatua ya 3: Linganisha na dawa nyingine unazotumia

Rudi kwenye dawa ulizoziweka mezani. Usianze kunywa kabla ya kuzungumza na mfamasia au daktari ukikuta mojawapo ya hizi: dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini; dawa za steroidi, kama prednisoloni na jamaa zake; baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na sertralini; litiamu, ambayo hutumika kwa magonjwa ya akili; au methotreksati, ambayo hutumika kwa baridi yabisi na saratani. Zile tatu za mwanzo huongeza hatari ya kutokwa damu, na mbili za mwisho zinaweza kurundikana mwilini hadi kufikia kiwango cha sumu.

Wanaotumia dawa za presha wana jambo lao la pekee. Anayekunywa enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojoza, kisha akaongeza ibuprofeni, amezikabili figo kwa dawa tatu zinazozidhoofisha kila moja kwa namna yake. Mchanganyiko huu ni wa kawaida sana miongoni mwa wazee wenye maumivu ya magoti, na ni wa kuepukwa bila usimamizi wa daktari.

Anayekunywa aspirini ndogo ya moyo kila siku naye ajue kwamba ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake kwenye chembe sahani. Ikiwa lazima ainywe mara moja moja, na aspirini yake ni ile ya kawaida isiyo na ganda maalumu, aimeze ibuprofeni angalau nusu saa baada ya aspirini, au zaidi ya saa 8 kabla yake.

Kubadilisha dawa ndani ya kundi nako kuna hesabu yake. Nusu ya ibuprofeni huondoka kwenye damu ndani ya takriban saa 2; kwa naprokseni muda huo hupita saa 12, na kwa piroksikamu hufika takriban saa 50. Aliyekunywa piroksikamu jana na leo akaanza diklofenaki anatumia dawa mbili kwa wakati mmoja, hata kama pakiti ya kwanza ameshaitupa. Piroksikamu yenyewe, tangu mwaka 2007, Shirika la Dawa la Ulaya linashauri isitumike kabisa kwa maumivu ya muda mfupi.

Pombe iache hadi umalize dawa.

## Hatua ya 4: Chagua dozi ndogo inayotosha

Kwa mtu mzima anayejinunulia, ibuprofeni ndiyo ningeiweka mbele, kwa sababu kwa dozi ndogo ni miongoni mwa zilizo na madhara machache zaidi tumboni, na hutoka mwilini haraka. Anza na miligramu 200. Zisipotosha, wakati mwingine kunywa 400. Zipite angalau saa 6 kati ya dozi na dozi, na jumla ya saa 24 isizidi miligramu 1,200. Kwa maumivu ya kawaida, kumeza 800 kwa mpigo hakuleti nafuu inayozidi sana ile ya 400, ilhali madhara huendelea kupanda. Diklofenaki haivuki miligramu 150 kwa siku nzima, na ni bora iandikwe na daktari.

Maelekezo ya «kutwa mara tatu» huwapotosha wengi, ambao hunywa asubuhi wanapoamka, mchana wanapokumbuka na jioni kabla giza halijaingia, kisha hulala saa nyingi bila dawa na kuamka na maumivu. Maana yake ni kila baada ya saa 8. Kwa mfano, anayekunywa ibuprofeni ya miligramu 400 saa 1 asubuhi atakunywa tena saa 9 alasiri na saa 5 usiku. Hapo amefika 1,200, na hana nafasi ya kidonge cha nne hadi saa 1 ya asubuhi inayofuata.

Ikiwa maumivu ni ya goti au ya vidole vya mkono, fikiria kwanza jeli ya kupaka yenye diklofenaki. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno kikilinganishwa na cha kidonge, na kwa viungo vilivyo karibu na ngozi nafuu yake ni ya kweli.

## Hatua ya 5: Meza ipasavyo, na usiutegemee mlo kukulinda

Kaa wima au simama. Meza kidonge kwa glasi nzima ya maji, kisha usilale kwa angalau dakika 15. Kidonge kinachokwama kooni kwa sababu ya maji haba kinaweza kuchoma njia ya chakula na kuacha kidonda.

Usisage, usitafune wala usikate kidonge chenye ganda la kukinga asidi au kilichotengenezwa kuachilia dawa polepole. Ukikivunja, dawa iliyokusudiwa kuyeyukia kwenye utumbo huyeyuka mapema ikiwa bado tumboni, au dozi ya siku nzima humwagika kwa wakati mmoja.

Sasa kuhusu chakula. Kumeza dawa baada ya kula, au pamoja na maziwa, hupunguza kichefuchefu na kiungulia, na ni desturi njema. Tatizo ni imani iliyojengwa juu yake, kwamba aliyeshiba hawezi kupata vidonda. Sehemu kubwa ya madhara ya tumbo haitokani na kidonge kugusa ukuta wake. Hutokea baada ya dawa kuingia kwenye damu na kupunguza prostaglandini mwili mzima, tumbo likiwemo. Ndiyo maana sindano ya diklofenaki, na hata kidonge cha kuingiza njia ya haja kubwa, vinaweza kusababisha vidonda vya tumbo, ingawa havikupita kooni. Ndiyo maana pia ganda la kukinga asidi halimlindi mtu kama anavyodhani. Dawa za kutafuna za kupoza asidi nazo hutuliza kiungulia tu, na zinaweza kuficha dalili ambayo ingekuonya mapema.

Kinachopunguza hatari kwa kweli ni dozi ndogo, siku chache na, kwa aliye hatarini, omeprazoli iliyoandikwa na daktari, ambayo hunywewa takriban nusu saa kabla ya mlo.

Umefaulu ikiwa ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza ibuprofeni maumivu yamepungua kiasi cha kukuwezesha kufanya shughuli zako au kulala. Usisubiri yaishe kabisa ndipo uhesabu kwamba dawa imefanya kazi. Anayetafuta sifuri ndiye anayeongeza kidonge kabla ya saa yake.

## Hatua ya 6: Andika kila dozi

Andika saa, jina la dawa, miligramu na sababu ya kuinywa. Mtu mwenye maumivu, hasa aliyekosa usingizi, hukosea kukumbuka, na kosa lake kwa kawaida ni la kurudia dozi.

Ukisahau dozi, inywe unapokumbuka, kisha hesabu saa zako upya kuanzia hapo. Usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Ikiwa maumivu yenyewe yameisha, iache. Ukigundua umezidisha sana, au mtoto amemeza vidonge, nenda hospitali na pakiti mkononi bila kusubiri dalili.

## Hatua ya 7: Zijue dalili za kuacha mara moja

Vidonda vinavyosababishwa na dawa hizi vinaweza kuvuja damu bila kutangulia maumivu yoyote, kwa kuwa dawa yenyewe huyatuliza. Usitegemee tumbo likuonye. Acha dawa na utafute matibabu ya dharura ukiona lolote kati ya haya:

- kinyesi cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, au matapishi yenye damu au chembe nyeusi zinazofanana na masalia ya kahawa;
- maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito ghafla;
- uso, midomo au koo kuvimba, au kifua kubana;
- mkojo kupungua sana, miguu kuvimba au uzito kuongezeka ndani ya siku chache;
- vipele vyenye malengelenge, hasa vikiambatana na vidonda mdomoni au machoni;
- macho au ngozi kuwa ya manjano.

Kizunguzungu cha kusimama na uchovu usioelezeka kwa mtu aliyetumia dawa kwa wiki kadhaa huweza kuwa dalili ya damu inayopotea kidogo kidogo. Apimwe wingi wa damu.

## Hatua ya 8: Acha kwa wakati wake

Kwa homa, ukomo wa kujitibu ni siku 3. Kwa maumivu, siku 10, na mimi ningemshauri mtu asiyeona nafuu yoyote kufikia siku ya tatu asingoje ya kumi. Dawa hizi hazihitaji kupunguzwa polepole. Unaziacha siku ile maumivu yanapovumilika bila ya kidonge.

Wanaoumwa kichwa mara kwa mara wahesabu pia siku za mwezi. Kunywa dawa hizi siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kunaweza kuzalisha maumivu ya kichwa yanayotokana na dawa yenyewe, na kila kidonge kinachoongezwa hurefusha tatizo. Hali hiyo hutibiwa kwa kuacha dawa, na kwa kuwa maumivu huongezeka siku za mwanzo kabla ya kupungua, ni vyema daktari awe anajua.

Maumivu yakirudi kila unapoacha, peleka kwa daktari ile karatasi uliyoandika dozi zako pamoja na pakiti zote. Mweleze ulichokunywa, kiasi gani na kwa siku ngapi, ukitaja pia dawa za asili za viungo, kwa sababu baadhi ya hizo zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na diklofenaki au deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Akitaka uendelee na dawa ya kundi hili kwa muda mrefu, mwombe apime shinikizo la damu, utendaji wa figo na wingi wa damu kabla ya kuanza, na akupangie tarehe ya kuvipima tena.